Monita ya Mtoto: ya Sauti, ya Kamera, au Mlango Uachwe Wazi?

Kama mtoto analala chumba kimoja nanyi, monita, yaani kifaa cha kumsikiliza au kumwona mtoto aliye chumba kingine, haina kazi ya kufanya. Wengi wanaouliza wanunue ipi wapo kwenye hali hiyo: kitanda cha mtoto kimebanwa kati ya kabati na ukuta, au hakuna kitanda cha mtoto kabisa, na mama akinyoosha mkono anamgusa. Kichanga akilia hapo anawaamsha hadi wapangaji wa chumba cha pili. Hela ya kifaa cha kuwaambia kwamba mtoto analia afadhali ikanunue nepi.

Ila swali haliishii hapo, maana nyumba hazifanani. Kuna mama mwenye duka upande wa barabarani, mtoto amelala chumba cha nyuma, katikati kuna ua na makelele ya bodaboda. Kuna waliojenga ghorofa, jiko liko chini na vyumba viko juu. Kuna wifi yako aliyeko Minneapolis au Leicester, hana mama mkwe wa kumpokea mtoto wala jirani wa kugongewa mlango, mashine ya kufulia iko chumba cha chini kabisa cha nyumba na milango yote imefungwa kwa sababu ya baridi. Na kuna mama ambaye likizo yake ya uzazi, siku 84 kwa sheria ya Tanzania au miezi mitatu kwa ya Kenya, imekwisha, na kesho mtoto anabaki na dada wa kazi. Wote wanne wanauliza "ninunue monita gani?" huku kila mmoja akitaka chake. Wawili wa kwanza wanataka kusikia. Wa tatu anataka kusikia, na kuona kidogo. Wa nne hataki kumwona mtoto tu, anataka kumwona na dada, na huko tutafika.

Miezi sita ya mwanzo

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, AAP, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2022 kinashauri mtoto alale chumba cha wazazi angalau miezi sita ya mwanzo: chali, juu ya godoro gumu, pasipo mito, mablanketi wala midoli. Inachekesha kidogo. Wenzetu walijenga chumba cha mtoto, wakakipaka rangi, wakanunua monita ili wakisikie chumba hicho, kisha madaktari wao wakawaambia mrudisheni mtoto chumbani kwenu. Huku kwetu hakuwahi kutoka.

Tusijisifu mapema lakini. Mwongozo huohuo unasema chumba kimoja, vitanda viwili. Sisi wengi tunalala naye kitanda kimoja, kwa sababu chandarua ni kimoja, kunyonyesha kunakuwa rahisi, na nafasi ya kitanda cha pili haipo. Hatari inaongezeka sana mtoto akiwa njiti au alizaliwa na uzito mdogo, mzazi akiwa amekunywa pombe au anavuta sigara, na zaidi ya yote mkisinzia naye kwenye sofa. Hakuna monita inayotibu hilo. Mtoto aliyefunikwa pua na blanketi halii, na kifaa cha kusikiliza kitakaa kimya pamoja naye huku taa yake ya kijani ikikuambia kila kitu kiko sawa.

Kulala chali nako kuna ubishi. Bibi atakwambia mlaze ubavu asije akapaliwa akicheua. Hofu yake ina adabu yake, ila mwili wa mtoto umepangwa vingine: akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ili yaingie kwenye mapafu. Akilala kifudifudi inakuwa kinyume. Marekani walianza kampeni ya kitaifa ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika muongo huo. Hakikuwa kifaa chochote kilichofanya kazi hiyo. Ni jinsi ya kumlaza, bure.

Kwa hiyo, miezi sita ya mwanzo, kama hujarudi kazini, weka hela mfukoni. Kuna kundi moja tu ambalo ningeliambia linunue tangu siku ya kwanza, na nitalitaja mbele.

Ya sauti

Monita ya sauti ni vipande viwili: kimoja kinakaa kwa mtoto, kingine unatembea nacho. Haina programu, haina neno la siri, haili bando. Dada mpya anaielewa kabla chai haijachemka. Kipande cha mzazi huwa na safu ya taa ndogo zinazopanda kutoka kijani hadi nyekundu kadiri sauti inavyopanda, kwa hiyo hata ukiwa unakaanga na blenda inaunguruma, unaona mtoto analia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1937 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa kifaa kilichoitwa Radio Nurse, umbo lake likabuniwa na mchongaji Isamu Noguchi. Mkuu wa kampuni, Eugene McDonald, aliingiwa na hofu baada ya mtoto wa rubani Charles Lindbergh kuibwa usiku kitandani mwake na kuuawa mwaka 1932. Sauti ilipita kwenye nyaya za umeme za nyumba, na ilikuwa ikinasa vipindi vya redio humohumo. Yaani monita ilizaliwa na hofu ya matajiri wenye nyumba kubwa, na mpaka leo matangazo yake yanauza hofu ileile. Ukilijua hilo unakuwa mnunuzi mtulivu.

Sasa udhaifu wake. Ili isikupigie kelele muda wote, monita nyingi hunyamaza mpaka sauti ivuke kiwango fulani. Mpango huo ni mzuri Helsinki. Tanga mwezi wa pili, feni inazunguka usiku kucha, na kipande cha mtoto kikiwekwa chini ya upepo wake kinasikia feni tu. Kiweke pembeni ya mkondo wa upepo, mita moja au mbili kutoka kwa mtoto, kipaza sauti kikimwelekea. Mvua ya masika ikishuka kwenye bati lisilo na dari, taa zote zinapanda hadi nyekundu na zinabaki hukohuko. Ukipunguza usikivu, ule mnung'uniko wa kabla ya kilio haupiti tena. Usiku wa mvua ya hivyo amka ukamwangalie.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi, mita 300 kwa mfano, ni wa uwanja mtupu. Ukuta wa tofali za saruji unaula, na slabu ya zege yenye nondo inaula zaidi. Nyingi za kisasa hulia zikipoteza mawasiliano. Hakikisha yako inafanya hivyo, kwa sababu monita iliyopotezana na mwenzake kimyakimya ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Jambo moja linawapata wengi wanaoletewa zawadi kwenye begi. Monita nyingi za sauti zinatumia teknolojia ya simu za mezani zisizo na waya, DECT. Zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia masafa ya 1880 hadi 1900 MHz. Za Marekani hutumia 1920 hadi 1930, na huku kwetu kipande hicho kiko ndani ya masafa ambayo simu za 3G huongea na mnara. Kifaa hicho kinaweza kuwasumbua wengine na chenyewe kikasumbuliwa. Ndugu akiwa Uingereza au Ujerumani mwambie alete. Akiwa Texas, mwambie alete nguo za mtoto. Na angalia maandishi madogo kwenye chaja: ikisema 100-240V iko salama, ikisema 120V peke yake itaungua siku ya kwanza.

Ya kamera

Hapa kuna watu wawili tofauti wanaovaa jina moja. Ya kwanza inakuja na skrini yake, na kamera inaongea na skrini moja kwa moja bila intaneti. Ya pili ni kamera ya Wi-Fi, ileile inayofungwa getini kuangalia wezi, ila sasa imeelekezwa kitandani. Picha unaiona kwenye simu. Ya kwanza ni ghali zaidi na hutaipata kila duka. Ya pili imejaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, na bei yake imeshuka kiasi kwamba watu wengi wanainunua kabla hawajajiuliza wanaitaka kwa kazi gani.

Kinachoziangusha zote mbili kwenye nyumba zetu hakiandikwi popote kwenye boksi: chandarua. Usiku kamera huona kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotoka kwenye vitaa vidogo vinavyozunguka lenzi. Mwanga huo unapiga wavu mweupe na kurudi. Kwenye skrini unaona ukungu mweupe wenye vitundu, na nyuma yake kitu ambacho huenda ni mtoto, huenda ni mto. Kishawishi ni kuiingiza kamera ndani ya chandarua. Usifanye hivyo. Februari 2011 monita za kamera zipatazo milioni 1.7 za kampuni ya Summer Infant zilirudishwa Marekani baada ya watoto wawili kunyongwa na waya zake. Ushauri uliobaki tangu hapo ni waya ukae mbali na kitanda kwa mita moja au zaidi, na mtoto wa miezi saba anayejifunza kusimama ana mkono mrefu kuliko unavyodhani. Njia inayofanya kazi ni hii: kamera ibaki ukutani, ingia kwenye mipangilio uzime infraredi, kisha washa taa ndogo hafifu upande wa pili wa kitanda, ng'ambo ya chandarua. Picha itakuwa na chembechembe, lakini utamwona mtoto.

Ya skrini yake haijali kama bando limekwisha. Mtu wa mbali hawezi kuingia, labda awe karibu na nyumba na vifaa vyake. Betri ya skrini hukaa saa chache tu ukiiacha imewaka, kwa hiyo utaishi karibu na soketi.

Ya Wi-Fi inakupa kitu ambacho nyingine haiwezi, nacho ni kumwona mtoto ukiwa Posta naye yuko Kimara. Inakudai vitu vitatu. Cha kwanza ni umeme: ukikatika, kamera inazima na ruta inazima, na hata ukiwa na betri ya kamera, bila ruta ni bure. Kuna betri ndogo za kushikilia ruta, na ukiamua kununua kamera hii, betri hiyo ihesabu kwenye bei. Cha pili ni data. Picha inayotumia megabiti moja kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Ukiiacha wazi saa nane kazini, ni gigabaiti 3.6, na hizo zinatoka nyumbani zikipanda na kwenye simu yako zikishuka. Kama pande zote mbili mnatumia bando, mmelipia mara mbili. Punguza ubora wa picha, na uchungulie badala ya kukodoa.

Cha tatu ni usalama. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, kamera zikiwa nyingi, kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani, yale ya "admin" na "12345". Uingereza sasa ina sheria, iliyoanza kutumika 29 Aprili 2024, inayokataza kuuza vifaa vya namna hiyo vikiwa na neno la siri rahisi la kiwandani. Kamera ya bei poa unayoinunua mtaani haikupita mlango huo. Badilisha neno la siri siku unayoifungua, washa uthibitisho wa hatua mbili kama programu inao, na kubali masasisho. Kama programu haikuruhusu kubadilisha neno la siri, irudishe dukani. Na jiulize kamera inaona nini zaidi ya mtoto. Mama ananyonyesha hapo, anabadilisha nguo hapo.

Simu ya zamani

Watu huidharau, mimi siidharau. Simu mbili na programu ya bure zinakupa sauti na picha kwa Wi-Fi ya nyumbani. Bila intaneti kabisa, kuna ujanja wa wenye maduka: unaipigia simu ya tochi iliyoachwa chumbani, inapokelewa, unaiacha hewani huku ukiwa na bando la dakika. Usiku mmoja wa wageni, harusi ya jirani, au wiki ya kukaa ukweni, inatosha. Shida zake ni kwamba simu ikipigiwa na mtu mwingine mawasiliano yanavurugika, na kwamba ikikatika haikuambii kwa kelele. Iwekwe mezani, kamwe isiwe kitandani, na isichajiwe karibu na godoro au chini ya nguo. Simu kuukuu yenye betri iliyovimba haifai hata kwa hili.

Soksi na mikeka ya kupima pumzi

Kundi hili ndilo linalouzwa kwa bei kubwa na kwa maneno makubwa. Kuna mikeka ya kuweka chini ya godoro, ambayo hulia isipohisi mtoto akijongea kwa sekunde 20 hivi. Kuna soksi zenye kihisi zinazosoma mapigo ya moyo na oksijeni, maarufu ikiwa ya kampuni ya Owlet, ambayo Marekani inauzwa karibu dola 300.

Oktoba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiandikia Owlet barua ya onyo kwamba inauza kifaa cha kitabibu bila idhini, na mwezi uliofuata kampuni ikaiondoa soksi ile sokoni humo. Novemba 2023 soksi nyingine ya kampuni hiyo ikapata idhini, kwa watoto wenye afya wa mwezi 1 hadi 18. Idhini hiyo haisemi kwamba soksi inazuia kifo cha ghafla, na AAP inaendelea kuwaambia wazazi wasitumie vifaa vya nyumbani kwa lengo hilo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwenye jarida la kitabibu la JAMA ulinganisho wa vifaa viwili vya aina hii na mashine ya hospitali: kimoja kilibaini upungufu wa oksijeni mara nyingine na mara nyingine kikaukosa, kingine hakikuubaini kabisa. Na zamani zaidi, mwaka 2001, utafiti mwingine mkubwa wa Marekani uliofuatilia zaidi ya watoto 1,000 majumbani ulionyesha kwamba hata vichanga wazima huwa na vipindi vya kusita kupumua vinavyotosha kupigisha kengele.

Mzazi wa hapa kwetu afanye nini na habari hiyo? Mkeka unahitaji kitanda cha mtoto chenye ubao mgumu, mtoto akiwa peke yake. Kwenye kitanda cha wazazi unapima pumzi ya baba. Soksi inahitaji simu, Wi-Fi, chaji, na moyo wa kuamshwa saa tisa usiku na kengele ya kihisi kilichochomoka. Mtoto mwenye afya haihitaji. Mtoto asiye na afya anahitaji daktari aamue kifaa, tena cha hospitali. Kwa njiti, kitu chenye ushahidi ni kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 hospitali ilipozidiwa na mashine za joto hazikutosha. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza, saa 8 hadi 24 kwa siku. Muulize muuguzi wa wodi ya watoto njiti akuonyeshe namna ya kufunga kanga.

Kama unayemwangalia ni dada

Sasa tuseme ukweli. Kamera nyingi zinazonunuliwa na wazazi wa mijini siku za kurudi kazini hazimwangalii mtoto. Zinamwangalia dada. Si dhambi, mtu anamwachia mgeni roho yake yote saa kumi kwa siku. Lakini ukishalitambua hilo, uchaguzi wa kifaa unabadilika. Monita ya sauti haina maana tena, wala ya skrini. Ni kamera ya Wi-Fi, sebuleni na sio chumba anacholala dada, na yeye aambiwe ipo, aonyeshwe inaona wapi. Ya kificho inakuja kugundulika, na dada mzuri anaondoka siku hiyohiyo. Yule mbaya atajifunza pembe isiyoonekana.

Kamera hizi zina spika, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Dada anasonga ugali, mara ukutani panatoka sauti:

"Dada, mbona mtoto kalala kifudifudi?"

"Samahani mama, sikuona, namgeuza sasa hivi."

"Na hiyo TV punguza."

Mara moja kwa wiki, sawa. Kila nusu saa, umemfanya dada afanye kazi ya kukutazama wewe badala ya mtoto. Piga simu, zungumza naye kama mtu.

Halafu picha haikufikishi nyumbani. Ukimwona mtoto anapaliwa ukiwa kazini, foleni ya Morogoro Road haitakupisha. Aliye naye ndiye mwenye uwezo, kwa hiyo hela ya kwanza iende kwake: vocha ili akupigie, namba za jirani na za bodaboda wa kuaminika zibandikwe ukutani, na mafunzo ya kumsaidia kichanga aliyepaliwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiuno, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, mgeuze chali, kandamiza katikati ya kifua mara tano kwa kitako cha kiganja cha mkono mmoja. Rudia huku msaada ukiitwa. Fanyeni mazoezi kwa mdoli, wewe na yeye, mpaka asiwe anafikiria.

Kwa mkao mmoja

| | Umeme ukikatika | Intaneti ikikatika | Feni, mvua, chandarua | Anayeweza kuchungulia |
|---|---|---|---|---|
| Mlango wazi | Hakuna tofauti | Hakuna tofauti | Mvua inashinda | Paka |
| Monita ya sauti | Inaendelea kama vipande vyote vina betri | Haijali | Feni na mvua vinaisumbua | Wa karibu sana tu, kwa shida |
| Kamera yenye skrini | Skrini saa chache. Kamera huzima kama haina betri | Haijali | Chandarua kinaipofusha | Wa karibu sana tu, kwa shida |
| Kamera ya Wi-Fi | Inazima na ruta | Ukiwa mbali huoni kitu | Chandarua kinaipofusha | Yeyote duniani, usipobadilisha neno la siri |
| Simu mbili | Zinaendelea hadi chaji iishe | Ujanja wa kupiga simu unabaki | Kama ya sauti | Inategemea programu |

Viziwi

Hili ndilo kundi nililolisema. Baba na mama viziwi, au mmoja kiziwi na mwenzake anafanya kazi za usiku, wanahitaji kifaa hata kama mtoto yuko hatua mbili. Zipo monita zinazotetemesha kijisahani cha kuweka chini ya mto wa mzazi na kuwasha taa ya mwanga mkali. Hakikisha mtetemo unaweza kukuamsha kwenye godoro lako. Godoro nene la sponji linaumeza. Saa ya mkononi inayotetemeka, ikiunganishwa na simu iliyo karibu na mtoto, ni mbadala wa bei ya chini.

Ningenunua nini

Chumba na sebule: sinunui. Duka mbele na mtoto nyuma, au ghorofa, mtoto akishapita miezi sita: ya sauti, ya soko la Ulaya, yenye betri pande zote mbili. Wifi wa Minneapolis: ya sauti ya huko aliko, na kama mapacha wanamchanganya nani analia, basi yenye skrini. Anayerudi kazini: kamera moja ya Wi-Fi sebuleni, betri ya ruta, na vocha ya dada. Soksi sinunui kwa yeyote.

Kabla hujalipa, ijaribu nyumba yako. Rekodi kilio cha mtoto kwenye simu, iache chumbani kwake ikicheza kwa sauti ya kiasi, mlango ukiwa nusu wazi. Mwenzako aende jikoni afungue bomba, awashe TV, aendelee na shughuli zake bila kuambiwa ni lini itaanza. Akisikia ndani ya dakika moja, umeokoa hela. Rudia usiku feni ikiwaka.

Ukiangukia kwenye kamera ya mtumba, mwambie muuzaji aifute kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani na uiunganishe na simu yako palepale dukani. Ikigoma kwa sababu bado imesajiliwa kwa mtu mwingine, mwachie kamera yake.